Uzi kwa wanaoanza kupiga picha za kidijitali: mwanga kwanza, kuhariri baadaye

Jicho la Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu zenu. Wanaoanza wengi huuliza, "Nitumie programu gani kuhariri picha?" Naomba turudi nyuma hatua moja, kwa sababu picha nyingi zinazomshinda mtu kwenye programu zilikuwa zimeshaharibika kabla ya kufika huko. Ziliharibika pale kidole kilipobonyeza.

Ndani ya kamera yoyote, iwe ya simu au ya lenzi za kubadilisha, kuna kihisi chenye mamilioni ya sehemu ndogo zinazopokea mwanga. Fikiria uwanja uliopangwa ndoo, kisha mvua inanyesha. Ndoo ikijaa, maji yanayoendelea kumwagika hayapimiki tena. Huwezi kujua kama yalizidi kidogo au mara kumi. Ndivyo sehemu angavu ya picha inavyoungua: anga, shati jeupe, paji la uso lenye jasho. Pakishaungua hapana rangi wala mistari, weupe mtupu, na hakuna programu itakayorudisha kilichokuwapo. Inaweza kukisia na kupaka kitu juu yake, ila kilichokuwapo kimepotea.

Upande wa giza hali ni tofauti. Ndoo yenye matone machache bado ina kitu cha kupimwa, ingawa kipimo chake kinayumba. Ukiipandisha mwanga sehemu hiyo kwenye programu utaona vitu vinajitokeza, pamoja na chengachenga, zile punjepunje zinazotapakaa kwenye picha. Picha haitapendeza kama iliyopigwa sawasawa, lakini ipo.

Kwa hiyo ukibaki na jambo moja tu kwenye uzi huu, libaki hili: unapopiga, linda sehemu angavu zenye maana. Nimesema zenye maana kwa makusudi. Taa yenyewe ikiungua, au jua lenyewe, hakuna hasara. Uso wa mtu ukiungua, picha imekwisha.

Utajuaje kama pameungua? Usiamini kioo cha kamera kwa macho. Ukiwa juani kioo kinaonekana cheusi, ukiwa gizani kinang'aa kupita kiasi. Tumia histogramu, ule mchoro mdogo wenye vilima. Kushoto ni giza, kulia ni mwanga, na urefu wa kilima unaonyesha ni pikseli ngapi, yaani nukta ndogo zinazounda picha, ziko kwenye kiwango hicho. Faili la JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, lina viwango 256 kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Kilima kikiwa kimebanana na ukuta wa kulia, kuna pikseli zimefika 255 na zimekwama hapo. Kamera nyingi pia zina onyo la kumemetesha sehemu zilizoungua unapoitazama picha. Liwashe leo, linafundisha haraka kuliko maelezo yangu.

Jambo la pili ambalo lingepaswa kufundishwa mapema zaidi: kamera haijui inachokitazama. Kipimo chake cha mwanga kinataka jumla ya picha itoke na wastani wa kijivu. Ukipiga ukuta mweupe, kamera inaona mwanga ni mwingi mno na inaupunguza, ukuta unatoka wa kijivu. Ukipiga koti jeusi, inaona giza na kuongeza, koti linatoka limepauka. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya + na −. Weupe ukijaa kwenye picha, ongeza. Weusi ukijaa, punguza. Mwanzoni inaonekana kama kinyume, lakini piga karatasi nyeupe, kisha kitambaa cheusi, uone mwenyewe.

Karibuni kwa maswali. Kuhariri nitakuja.

Mpigapicha Mpya

Asante sana mkuu. Mimi nina simu tu, sina kamera. Hayo ya histogramu na + na − yananihusu?

Jicho la Mwanga

Yanakuhusu kabisa, mkuu. Simu yako ni kamera kamili. Gusa kioo pale penye kitu unachokitaka kiwe kikali, kwa kawaida uso. Simu itaweka fokasi hapo na kupima mwanga hapo hapo. Kwenye simu nyingi kutatokea alama ya jua au mstari kando ya kiduara. Uvute juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Hiyo ndiyo + na − yako. Ukishikilia kidole kwa muda, simu nyingi hufunga fokasi na mwanga, hivyo unaweza kusogeza fremu bila vipimo kubadilika.

Simu za sasa pia hupiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha ili anga na ardhi vyote vionekane. Ni msaada mkubwa. Ila kitu kinachotembea kinaweza kutoka na kivuli mara mbili, na wakati mwingine picha nzima inakosa kina kwa sababu giza lote limenyanyuliwa.

Usivute zuumu kwa vidole bila sababu. Ukishapita uwezo wa lenzi zilizomo kwenye simu, zuumu hiyo ni kukata picha na kuikuza tu. Sogea kwa miguu.

Mama Albamu

Kaka, habari ya kazi. Mimi nimepewa kamera na mwanangu na nataka kupiga wajukuu. Nje zinatoka vizuri. Ndani ya nyumba wote wana ukungu, hata nikiwaambia watulie. Ni lenzi mbovu?

Jicho la Mwanga

Shikamoo mama. Nina hakika karibu kabisa kwamba lenzi ni nzima. Ndani mwanga ni mdogo kuliko macho yetu yanavyotuambia, kwa hiyo kamera inaacha shata, yaani pazia la ndani linalopitisha mwanga, wazi kwa muda mrefu ili ipate mwanga wa kutosha. Katika muda huo mtoto amegeuza kichwa, au mkono wako umetikisika.

Kamera ina njia tatu za kudhibiti mwanga. Ya kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na kuendelea. Namba ndogo ni tundu kubwa, na kila hatua katika mfululizo huo inapunguza mwanga kwa nusu. Ya pili ni kasi ya shata: 1/60 ya sekunde inaingiza mwanga mara mbili ya 1/125. Ya tatu ni ISO, yaani kukuza kile kilichopokelewa. Ukitoka 400 kwenda 800, picha inang'aa mara mbili na chengachenga zinaonekana zaidi.

Sasa chukua mfano wako. Tuseme ndani kamera imechagua f/4, shata 1/30 na ISO 400. Kwa mtoto, 1/30 ni polepole mno. Tunataka angalau 1/125, yaani hatua mbili za mwanga zinapotea. Tunazirudisha kwa kupandisha ISO hadi 1600, au kwa kufungua tundu hadi f/2 kama lenzi inafika huko. Picha itakuwa na mng'ao uleule na mtoto atatoka mkali. Wakianza kukimbia, nenda 1/500.

Mama, usiogope ISO kubwa. Chengachenga kidogo mtu anazisahau akiona uso umecheka. Picha iliyotikisika haina dawa.

Na kabla ya kugusa namba yoyote, wasogeze watoto karibu na dirisha. Mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyoingia ndani ya chumba. Hatua mbili tatu kuelekea dirishani zinaweza kukupa zaidi ya lenzi mpya.

Mama Albamu

Marahaba mwanangu. Kwenye lenzi imeandikwa ina kizuia mtikisiko. Hicho hakisaidii?

Jicho la Mwanga

Kinasaidia mtikisiko wa mikono yako tu, mama. Hakimzuii mjukuu kugeuka. Kwa jengo au ua lililotulia ni kizuri sana.

Lenzi Moja

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna mahali napingana nawe. Huu ushauri wa "linda sehemu angavu" umewafanya wengi wapige picha za giza kila mara kwa hofu, kisha wanainua vivuli na kupata chengachenga tele. Mimi napiga RAW, faili ghafi la kamera, na naongeza mwanga mpaka kilima kikaribie ukuta wa kulia bila kuugusa, kisha napunguza kwenye programu. Picha inakuwa safi zaidi.

Jicho la Mwanga

Uko sahihi, na nashukuru umelisema. Kulinda si kupiga giza. Ni kwenda karibu na ukuta bila kuugonga, na kwa kitu kilichotulia njia yako ndiyo bora. Niongeze mambo mawili kwa wanaotaka kuifuata.

Kwanza, histogramu inayoonekana kwenye kamera hutengenezwa kutokana na ile picha ndogo ya JPEG ya kuangalia, hata kama umechagua RAW. Kwa hiyo RAW huwa na nafasi kidogo zaidi upande wa kulia kuliko mchoro unavyoonyesha. Pili, kuwa macho na rangi moja moja. Ukipiga ua jekundu lenye jua, histogramu ya jumla inaweza kuonekana salama huku chaneli ya nyekundu imeshaungua. Ua linatoka kama doa la rangi lisilo na mikunjo. Kamera yako ikiwa na histogramu ya rangi tatu, itumie hiyo.

Kwa asiyejua RAW: ni data ya kihisi karibu kama ilivyopokelewa, kwa kawaida katika biti 12 au 14, yaani viwango 4,096 au 16,384 badala ya 256. JPEG ni picha ambayo kamera imeshaipika, imeamua rangi na kontrasti (tofauti ya giza na mwanga), na imetupa data iliyoona huihitaji. RAW inakupa nafasi ya kuamua mwenyewe. Bei yake ni faili kubwa na kazi ya kuhariri kila picha unayoitaka. Anayeanza napendelea awashe zote mbili kwa pamoja, RAW na JPEG, kamera nyingi zinaruhusu. Leo unatumia JPEG, na ukishajifunza, RAW zako zinakungoja.

Mpigapicha Mpya

Sasa tuambie kuhariri. Na megapikseli je? Simu yangu ina 12, watu wananicheka.

Jicho la Mwanga

Wasikusumbue. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Steven Sasson alipotengeneza kamera ya kidijitali ndani ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01, na kuhifadhi picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kuchapisha picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji takribani pikseli 1,800 kwa 1,200, kama megapikseli 2. Kioo cha kompyuta cha 1920 kwa 1080 nacho ni kama 2. Kinachokula megapikseli ni kukata: ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu, umebakiwa na robo. 12 zinakuwa 3.

Haya, kuhariri. Kwenye kompyuta kuna programu za bure na nzuri: GIMP, iliyopo tangu miaka ya 1990, na kwa RAW kuna darktable na RawTherapee. GIMP peke yake haifungui RAW, inahitaji mojawapo ya hizo mbili imsaidie. Kwenye simu, Snapseed inatosha kwa muda mrefu. Chagua moja ukae nayo. Anayerukaruka hajifunzi jicho, anajifunza menyu.

Kazi ya kwanza ni kuchagua picha, na hii watu wengi wanairuka. Kati ya kumi zinazofanana, bakiza moja. Angalia macho kama ni makali, angalia pembeni kama kuna mkono uliokatwa au nguzo inayoota kichwani.

Kisha nyoosha mstari wa upeo na ukate. Bahari iliyoinama inamsumbua mtazamaji hata kama hajui kwa nini. Ukikata mtu, usimkatie kwenye viungo: magoti, viwiko, vifundo. Kata katikati ya paja au chini kidogo ya mabega.

Baada ya hapo rangi ya mwanga. Mwanga una joto linalopimwa kwa Kelvini. Balbu ya kawaida ya njano ni kama 2,700 hadi 3,000, mchana wa jua ni kama 5,500, na kivulini chini ya anga la buluu hupita 7,000. Namba kubwa, mwanga wa kibuluu zaidi. Ubongo wetu unasahihisha bila kutuuliza, kamera inabahatisha. Kwenye programu tafuta kitone cha kuchagua weupe, ukiguse kwenye kitu cha kijivu au cheupe kisichoungua, kisha rekebisha kwa jicho. Usipate hamu ya kuua njano yote ya machweo, hiyo ndiyo uliyoipigia picha. Na kama mtu amekaa kati ya dirisha na balbu, upande mmoja wa uso ni wa buluu na mwingine wa chungwa. Hapo kitelezi kimoja hakiwezi kutibu pande zote mbili. Zima balbu upige tena.

Sasa mwanga wenyewe. Anza na mwangaza wa jumla mpaka kitu kikuu kikae sawa. Shusha sehemu angavu kidogo kama anga imefifia, nyanyua vivuli kidogo kama kuna kitu cha kuonyesha humo. Neno ni kidogo. Picha ikikosa weusi wowote inakuwa bapa. Acha mahali fulani pawe peusi kweli.

Rangi kolezi iwe ya mwisho mwisho. Ukiona majani yanang'aa kama taa, rudisha nusu. Kunoa ukali kufuate baada ya kupunguza ukubwa wa picha, na kumbuka kunoa hakuponyi picha iliyotikisika.

Ukimaliza, acha picha hiyo, fanya jambo jingine, kisha irudie. Macho huzoea haraka yanachokitazama. Utaona ulipozidisha.

Dada wa Studio

Naomba niongeze kuhusu ngozi nyeusi, maana mafunzo mengi yanalipita. Mkimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera itaufuata ukuta na kumfanya awe kivuli. Pima mwanga usoni, si kwenye ukuta. Na msijaribu kutibu kwa flashi ya moja kwa moja. Inaacha madoa meupe kwenye paji la uso na pua huku mashavu yakibaki giza.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana na laini kutoka upande: dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na upande wa pili kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga. Hapo unaona umbo la shavu, taya, shingo. Ngozi inang'aa yenyewe kwa utaratibu.

Jicho la Mwanga

Dada, umenena. Na kwenye kuhariri niongeze hivi. Msinyanyue vivuli vya picha nzima ili kupata uso, ngozi inapauka na kuwa ya kijivu. Chagua eneo la uso peke yake, ongeza mwangaza hapo, kisha angalia kama wekundu na unjano wa ngozi vimebaki. Vikipotea, ongeza joto la rangi kidogo hapo hapo. Na tafadhali zimeni ile modi ya urembo kwenye simu. Nyingi zinalainisha ngozi mpaka vinyweleo vinapotea, na baadhi zinamfanya mtu mweupe kuliko alivyo. Mtu amekupa uso wake umpige picha, mrudishie uso wake.

Lenzi Moja

Kwa wanaotumia JPEG, waambie pia kuhusu kuhifadhi.

Jicho la Mwanga

Kweli. Kila ukifungua JPEG, ukaibadilisha na kuihifadhi tena kama JPEG, inabanwa upya na kupoteza kidogo. Fanya kazi kwenye nakala, faili la asili usiliguse. GIMP huhifadhi kazi yake kwa XCF, aina yake yenyewe ya faili, bila hasara, JPEG unaitoa mwishoni. Darktable haibadilishi faili la RAW kabisa. Inaandika maelekezo yako kwenye faili dogo pembeni, kwa hiyo ukihamisha picha, hamisha na hilo dogo. Na weka nakala ya pili ya picha zako kwenye diski nyingine. Memori kadi si ghala.

Mama Albamu

Mwanangu, za dirishani zimetoka kali, nimefurahi mno. Ila nikizituma kwa WhatsApp baba yao anasema zimefifia. Kwangu ni safi.

Jicho la Mwanga

Hongera sana mama! Kufifia huko ni kwa sababu WhatsApp huzibana picha ili zisafiri haraka. Unapotuma, badala ya kuchagua picha, chagua hati, kisha itafute hiyo picha humo. Itafika ilivyo. Ila jua kwamba faili linalofika lilivyo hubeba pia taarifa zake za ndani: tarehe, aina ya kamera, na kama ulipiga kwa simu yenye GPS iliyowashwa, mahali ulipokuwa. Kwa baba yao haina neno. Kwa watu usiowajua, zima kwanza ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu, hasa kwa picha za watoto zilizopigwa nyumbani.